"Kusisimua Misuli" na "Kuongeza Damu": Uhakiki wa Majina Mawili ya Dawa Moja

Utangulizi

Kazi ya istilahi haimalizikii katika vikao vya wataalamu. Jina likishapatikana hutoka likaenda hospitalini, redioni, magazetini na vibarazani, na huko ndiko linakopimwa kama linafaa au halifai. Mara nyingine huwa kinyume chake: watu hawasubiri kikao, hujitungia jina lao wenyewe, nalo likazoeleka hata wataalamu wakalikuta limekwisha kuota mizizi. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, majina ya namna zote mbili yamekuwa yakijadiliwa, na ni haki ya kila mtumiaji wa lugha kuyahakiki.

Makala haya yanahakiki majina mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni "dawa za kusisimua misuli", ambalo husikika kila zinapotangazwa habari za wanariadha waliofungiwa. La pili ni "sindano ya kuongeza damu", ambalo husikika miongoni mwa wagonjwa wa figo na jamaa zao. Msikilizaji wa kawaida hudhani kwamba haya ni majina ya vitu viwili visivyohusiana hata kidogo. Kumbe mara nyingi kinachotajwa ni kitu kimoja, yaani homoni inayoongoza utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, ambayo kitaalamu huitwa erithropoetini.

Hoja yangu ni kwamba majina yote mawili yana kasoro, kwamba kasoro hizo zinawadhuru watu, na kwamba Kiswahili kina neno lake cha asili linaloweza kutusaidia kuzirekebisha.

Mazungumzo mawili

Mwandishi wa makala haya ni mkazi wa Kaloleni, mjini Arusha, kata yenye uwanja wa kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid. Mwezi Mei mwaka 2018 zilipotangazwa habari za Asbel Kiprop wa Kenya, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 1,500 mwaka 2011, 2013 na 2015, tulikuwa tumekaa wazee na vijana tukinywa kahawa. Habari zikasema kwamba amekutwa na dawa za kusisimua misuli. Mzee mmoja, ambaye ujanani mwake aliwahi kukimbia, akacheka.

"Yule kijana mwembamba kama fito," akasema. "Misuli gani hiyo iliyosisimuliwa? Wanamwonea tu."

Wengi wakakubaliana naye, na mjadala ukaishia hapo. Kiprop mwenyewe alikana, lakini mwaka 2019 alifungiwa miaka minne, baada ya sampuli yake ya Novemba 2017 kukutwa na erithropoetini. Sikusudii kuirudia kesi hiyo. Ninalotaka msomaji alitazame ni namna kikao chetu kilivyokata shauri. Hatukutazama kipimo, wala hatukuuliza dawa hiyo hufanya nini mwilini. Tulilitazama jina, tukamtazama mtu, tukaona havilingani. Kwa kuwa jina lilikuwa si la kweli, hukumu yetu nayo haikuwa na msingi.

Mazungumzo ya pili yalikuwa mazito zaidi. Mama mmoja, jirani yetu, ambaye figo zake zilikuwa zimedhoofu kwa miaka kadhaa, aliambiwa hospitalini kwamba ataanza kuchomwa sindano za kuongeza damu. Imani ya dini yake haimruhusu kupokea damu ya mtu mwingine. Akashukuru kwa adabu, akarudi nyumbani, na kwa majuma kadhaa akakataa kwenda kuchomwa. Tukaona akizidi kudhoofu. Kutoka chumbani hadi uani ilimbidi apumzike njiani. Hakuna aliyemdanganya. Muuguzi alitumia jina ambalo kila mtu hulitumia. Daktari mwingine alipokuja kumweleza kwamba katika kichupa kile hamna hata tone la damu ya mtu, mama yule aliuliza, "Sasa mbona mnaiita damu?"

Swali hilo ndilo chanzo cha makala haya.

Kitu chenyewe

Kabla ya kuhakiki jina ni sharti kukijua kitu chenyewe. Chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha kila mahali mwilini. Kila moja huishi kwa siku 120 hivi, kisha huchakaa na kuondolewa. Ili idadi isipungue, mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe mpya zipatazo milioni mbili kila sekunde. Kazi hiyo hufanyika katika uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa.

Uboho haujiamulii wenyewe utengeneze chembe ngapi. Kipimo kiko katika figo. Damu inayopita katika figo ikiwa na oksijeni haba, figo hutoa homoni tunayoizungumzia, nayo husafiri katika damu hadi kwenye uboho. Huko hukuta chembe changa ambazo zingekufa kabla ya kukomaa. Homoni huzizuia zisife, zikapata muda wa kugawanyika na kukomaa. Ni vema jambo hili likumbukwe, kwa sababu lina uzito katika uchaguzi wa jina: homoni haiwi damu, haibebi oksijeni, wala haigusi misuli. Kazi yake ni kuziponya chembe changa na kifo cha mapema, basi.

Wakazi wa nyanda za juu hawana haja ya kusafiri mbali ili kuuona ushahidi wake. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Meru kinapita mita 4,500. Mtu akipanda kwenda kileleni hewa huwa nyepesi, na figo zake huanza kutoa homoni zaidi katika muda wa saa chache. Chembe mpya huanza kuonekana katika damu baada ya siku kadhaa, na ongezeko la maana huhitaji majuma. Ndiyo sababu wanariadha hupiga kambi milimani kwa majuma, wala si kwa siku mbili tatu. Hilo halina hatia, kwa kuwa mwili wenyewe ndio unaojitolea homoni yake.

Historia ya ugunduzi nayo ni ndefu. Mwaka 1906 huko Ufaransa, Paul Carnot na Clotilde Deflandre walitoa wazo kwamba katika damu kuna kitu kinachoamrisha utengenezaji wa chembe nyekundu. Jina la erithropoetini lilitolewa mwaka 1948 na Wafini wawili, Eva Bonsdorff na Eeva Jalavisto. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser wa Marekani na wenzake walifaulu kuitenga homoni hiyo ikiwa safi, baada ya kuchuja mkojo wa lita 2,550 uliokusanywa huko Japani kutoka kwa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kazi. Katika miaka ya themanini jeni yake ilipatikana, na mwaka 1989 dawa ya kwanza ya homoni hiyo, iliyotengenezwa kiwandani, iliidhinishwa huko Marekani kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya homoni hii, kiasi cha tisa katika kumi. Kwa hiyo figo zikidhoofu, uboho hukosa amri, na mgonjwa hupungukiwa chembe nyekundu hata kama anakula vizuri.

Tarehe hizo zina faida kwetu. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, mwezi Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wakati huo dawa hii haikuwapo popote duniani. Ilibaki miaka 15 kabla ya kuidhinishwa. Vijana wa leo wanaposikia kila mshindi akihusishwa na "kusisimua misuli", na kuanza kuwashuku hata waliowatangulia, ni wajibu wetu kuwa na majina yanayotenganisha nyakati na mambo.

"Dawa za kusisimua misuli"

Sasa tulichambue jina la kwanza. Katika Kiswahili, mtu husisimka anapopatwa na baridi, hofu, furaha au mshangao. Vinyweleo husimama na ngozi hufanya vipele. Hadithi ya kusisimua ni ile inayompa msomaji hali hiyo. Kusisimka, basi, ni jambo la hisia, linaloonekana kwenye ngozi. Misuli haisisimki. Misuli hukaza, hulegea, huchoka, huuma, hujengeka. Kwa hiyo hata kabla hatujaingia katika sayansi, maneno haya mawili hayakukaa pamoja vizuri.

Tukiingia katika sayansi, kasoro huwa kubwa zaidi. Dawa zilizokatazwa katika michezo ni za aina nyingi, lakini tuchukue tatu zinazojulikana sana. Aina ya kwanza ni zile zinazoamsha mishipa ya fahamu ili mtu asihisi uchovu. Mwendesha baiskeli Tom Simpson wa Uingereza alifariki mwaka 1967 akiupanda mlima Ventoux katika mashindano ya Ufaransa, na mwilini mwake zikakutwa amfetamini, ambazo ni za aina hiyo. Hapa neno "kusisimua" lingeweza kukubalika, lakini kinachosisimuliwa ni ubongo na mishipa ya fahamu, si misuli. Aina ya pili ni zile zinazojenga misuli. Mwaka 1988 huko Seoul, Ben Johnson wa Kanada alinyang'anywa medali ya dhahabu ya mita 100 baada ya kukutwa na stanozololi, ambayo ni ya aina hii. Hapa neno "misuli" ni sahihi, lakini misuli hujengwa, haisisimuliwi. Aina ya tatu ni hii homoni yetu. Hapa hakuna kusisimua wala hakuna misuli. Kuna uboho, chembe nyekundu na oksijeni.

Hivyo jina moja limebebeshwa aina tatu, na halielezi sawasawa hata moja. Katika aina ya kwanza nusu yake ya mwisho si kweli. Katika ya pili nusu yake ya mwanzo si kweli. Katika ya tatu lote si kweli. Na kwa bahati mbaya, aina ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa nchi zetu zinasifika kwa mbio ndefu, na katika mbio ndefu kinachotafutwa ni oksijeni. Mbali na Kiprop, Rita Jeptoo alifungiwa baada ya kipimo cha mwaka 2014, na Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, alifungiwa baada ya kipimo cha mwaka 2017. Wote ni wanawake wembamba, na kwa wote kilichotajwa ni homoni hii.

Madhara ya jina hili hayaishii kwenye mabishano ya kahawa. Kijana anayefanya mazoezi uwanjani, akiambiwa ajihadhari na dawa za kusisimua misuli, atawatazama wanyanyua vyuma na kujiona yuko salama. Akija mtu akamwambia, "Hii si ya misuli, hii ni ya damu tu, hata mama wajawazito hupewa za damu," atamwamini, kwa sababu lugha yenyewe imempa sababu ya kuamini. Wala hatajua hatari iliyo mbele yake. Chembe nyekundu zikizidi kiasi, damu huwa nzito, moyo huisukuma kwa taabu, na inaweza kuganda ndani ya mishipa na kuleta kiharusi. Jina la misuli humficha kijana hatari ya damu.

"Sindano ya kuongeza damu"

Jina la pili limezaliwa kwa njia ya heshima zaidi, na yafaa tulitendee haki. Katika kliniki zetu, mama mjamzito akipimwa himoglobini huambiwa, "Damu yako ni tisa," au "ni kumi na moja". Hizo ni gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu, lakini katika mazungumzo kipimo kimechukua jina la kitu chote. Hivyo mtu ambaye himoglobini yake imeshuka husemwa kuwa "amepungukiwa damu", ingawa ujazo wa damu mishipani mwake huenda haukupungua. Maadamu imepungua, kinachoiinua huitwa cha kuongeza damu. Mantiki hiyo ni ya Kiswahili safi, na si lengo langu kuibeza.

Tatizo ni kwamba "kuongeza damu" kumekuwa ghala la vitu vingi. Mchicha, matembele na maji ya rozela huitwa vyakula na vinywaji vya kuongeza damu. Vidonge vya madini ya chuma ambavyo hupewa wajawazito huitwa vidonge vya kuongeza damu. Mgonjwa aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua au katika ajali huongezewa damu iliyotolewa na mtu mwingine. Na mgonjwa wa figo huchomwa sindano ya kuongeza damu. Huyu wa mwisho aghalabu pia hupelekwa kwenye mashine, na hapo husemwa kwamba "anasafishwa damu". Hebu msomaji ajiweke katika nafasi ya mtu asiyejua habari za tiba: siku moja ndugu yake anasafishwa damu, siku hiyo hiyo anachomwa ya kuongeza damu, na juma lijalo akizidiwa anaongezewa damu. Ni vigumu kumlaumu akichanganyikiwa.

Vitu vinne hivyo vinatofautiana kabisa katika utendaji. Damu ya kuongezewa ni damu yenyewe. Madini ya chuma ni malighafi. Chakula ni chimbuko la malighafi hiyo. Homoni ni amri. Amri bila malighafi haijengi kitu. Ndiyo maana daktari anayetoa sindano hii huangalia kwanza kama mgonjwa ana madini ya chuma ya kutosha. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba sindano na vidonge vyote ni vya "kuongeza damu" huweza kuona kwamba vinarudia kazi moja, akaacha vidonge kwa kuwa sindano ni kali zaidi. Kwa njia hiyo hata sindano hukosa nguvu.

Kuna kasoro nyingine iliyojificha ndani ya kitenzi. "Kuongeza" humfanya msikilizaji aone kwamba kadiri kitu kinavyozidi ndivyo kinavyofaa. Lakini katika tiba hii kiasi ndicho kila kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na mwingine wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wagonjwa wa figo ambao madaktari wao walikusudia kuwafikisha kwenye gramu 13 au zaidi walipatwa na madhara makubwa zaidi, yakiwamo ya moyo na kiharusi, kuliko wale walioachwa kwenye kiwango cha chini. Mgonjwa asiyelijua hilo atanung'unika daktari anapopunguza dozi, akidhani anabaniwa.

Neno la kwetu

Ikiwa majina yote mawili hayafai, tuweke lipi? Baadhi ya waandishi wa afya wamelipenda neno "kichocheo" kwa maana ya homoni yoyote. Neno lenyewe ni zuri. Latoka katika kuchochea moto. Lakini limekwisha tumiwa katika kemia kwa kitu kinachoharakisha mabadiliko, na katika elimu ya nafsi kwa jambo linalomwamsha mtu atende. Tena, kama tulivyoona, homoni hii haichochei kwa maana ya kuongeza moto. Huziokoa chembe changa zisife. Kwa hiyo naona "homoni" libaki, kwa kuwa limekwisha enea shuleni na hospitalini, na lafuata matamshi ya Kiswahili bila taabu.

Wengine watapendekeza "homoni ya figo". Hilo halitoshi, kwa sababu figo hutoa vitu vingine pia vinavyoongoza mwili. Wengine watasema "homoni ya uboho", na hapo msomaji atadhani kwamba uboho ndio unaoitoa. Wengine, kwa kupenda maneno yaliyounganishwa, watasema "kizalishadamu". Lakini anayezalisha ni uboho, na damu si chembe nyekundu peke yake. Ndani yake mna chembe nyeupe, chembe sahani na maji yake.

Naomba tulitazame jina la kitaalamu lilivyojengwa. Erithropoetini limetokana na maneno mawili ya Kiyunani: moja maana yake ni "nyekundu", na jingine ni "kufanya" au "kutengeneza". Neno hili la pili ndilo pia lililozipa lugha za Ulaya jina la mshairi, kwa sababu Wayunani walimwona mshairi kuwa ni mtu anayetengeneza kitu ambacho hakikuwapo. Katika Kiswahili tunalo neno linaloshika maana hizo zote mbili bila kukopa kwa mtu. Neno hilo ni "kutunga". Mshairi hutunga shairi. Mama hutunga mimba. Jipu hutunga usaha. Msichana hutunga shanga. Katika mifano hiyo yote, vitu vidogo au vilivyotawanyika hukusanyika, vikashika umbo, vikawa kitu kamili. Hivyo ndivyo uboho unavyofanya. Ule uwanja wetu wa Kaloleni umepewa jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi. Kitenzi tunachokitafuta kwa ajili ya damu za wakimbiaji kimo katika jina la kitabu cha mtu ambaye uwanja wao ni kumbukumbu yake.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

(a) Kazi ya uboho iitwe "utungaji wa chembe nyekundu".

(b) Homoni yenyewe iitwe "homoni ya chembe nyekundu" katika mazungumzo, magazeti na redio. Na "erithropoetini" katika maandishi ya kitaalamu na maelezo ya dawa.

(c) Dawa anayopewa mgonjwa wa figo iitwe "sindano ya homoni ya chembe nyekundu".

(d) "Kuongezewa damu" kubaki kwa maana moja tu, yaani kupokea damu iliyotolewa na mtu mwingine.

(e) Vidonge vya wajawazito viitwe "vidonge vya madini ya chuma".

(f) Jina la jumla kwa upande wa michezo liwe "dawa zilizokatazwa michezoni". Chini yake zitajwe aina kwa majina yao: dawa za kuamsha mishipa ya fahamu, dawa za kujenga misuli, homoni ya chembe nyekundu, na nyinginezo kadiri zinavyotokea.

Hoja za kupinga

Najua kwamba mapendekezo haya yatapingwa, na ni vema yapingwe. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba jina likizoeleka halibanduki. Hoja hiyo ina uzito, lakini si kweli daima. Katika miaka ya themanini, baada ya wagonjwa wa kwanza kuonekana mkoani Kagera mwaka 1983, maradhi mapya yalipewa na watu jina la "Juliana", kwa kufuata jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa wakati huo. Jina hilo lilikuwa limeenea. Lakini likaja jina la "Ukimwi", yaani upungufu wa kinga mwilini, ambalo lilieleza jambo lenyewe, na leo ni vijana wachache wanaolijua lile la awali. Jina sahihi likitumiwa na redio, shule na hospitali kwa pamoja huweza kulishinda jina lililotangulia.

Hoja ya pili itakuwa urefu. Ni kweli kwamba "sindano ya homoni ya chembe nyekundu" ni maneno mengi kuliko "sindano ya kuongeza damu". Lakini muuguzi akishalitaja mara ya kwanza kwa ukamilifu anaweza baadaye kusema "sindano ya homoni", na mgonjwa wake akamwelewa. Ufupi ni sifa njema ya istilahi, ila hauwezi kuja mbele ya ukweli. Mama jirani yetu angesikia maneno mawili matatu zaidi siku ile, asingepoteza majuma yake.

Hoja ya tatu itatoka kwa walimu wa biolojia. Watasema kwamba "utungaji" laweza kuchanganywa na "utungisho", ambalo hutumika kwa kuungana kwa mbegu ya kiume na ya kike. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo maneno hayo mawili hayafanani katika umbo, na "utungaji" hapa daima litafuatwa na kinachotungwa. Kama wenye ujuzi wataona bado lina utata, basi watafute jingine. Sharti langu ni moja tu, kwamba lisiseme jambo lisilokuwapo.

Hoja ya nne, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote, ni kwamba mwandishi wa habari ana dakika moja ya kusoma taarifa, na hana nafasi ya kutofautisha aina za dawa. Kwake nasema kwamba "dawa zilizokatazwa michezoni" haizidi urefu wa "dawa za kusisimua misuli" kwa kiasi cha kumchelewesha. Kama hakuijua aina, jina hilo la jumla halitampotosha mtu. Kama ameijua, na aitaje.

Hitimisho

Kwa kifupi, dawa moja imepewa majina mawili katika lugha moja. Penye michezo imefungwa kwenye misuli isiyoigusa. Penye matibabu imeitwa damu ambayo siyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa ameiogopa bila sababu, na mkimbiaji huenda asiiogope ingawa anayo sababu. Kama wote wawili wangeisikia kwa jina moja, huyu angejua kwamba anarudishiwa kitu ambacho figo zake zimeshindwa kukitoa, na yule angejua kwamba anashawishiwa kuzidisha kitu ambacho figo zake tayari zinampa kwa kipimo.

Haya ni maoni ya mtumiaji mmoja wa lugha, wala hayadai kuwa neno la mwisho. Naomba madaktari, wauguzi, walimu wa michezo na waandishi wa habari wayakosoe, na Baraza liyapime pamoja na maoni yao. Mzee wetu wa kahawa nilimweleza baadaye, kwa maneno niliyoyaandika hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni mambo ya uboho. Wangesema hivyo tokea mwanzo."